Nimewekwa katika orodha ya kusubiri, na nyumbani wanaamini nimekubaliwa

Mshauri mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Kisauni hapa Mombasa, na ndiye mkubwa kati ya watoto wanne. Nilihitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari miaka mitatu iliyopita nikiwa katika daraja la kwanza, na tangu wakati huo nimekuwa msaidizi wa utafiti katika shirika dogo linalorudisha mikoko mahali ilipokatwa au kufa. Maji yakipwa tunaingia matopeni, tunahesabu miche ya mkoko na mkandaa iliyoshika, tunapima unene wa mashina na kuchukua udongo wa kupeleka maabara. Ni kazi ninayoipenda, na ndiyo iliyonifanya nitamani kusoma zaidi, kwa sababu kila msimu narudi na maswali ambayo elimu niliyo nayo haiwezi kuyajibu. Katika hori ya Mwache, ambako mikoko mingi ilikufa baada ya kufunikwa na mchanga ulioletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, kuna mahali pameota tena na mahali pamebaki patupu, na swali la kwa nini iwe hivyo ndilo ninalolala nalo.

Mwishoni mwa mwaka jana niliomba nafasi ya shahada ya uzamivu katika vyuo vikuu vitatu vya Marekani, na nafasi ya uzamili katika chuo kimoja cha Uingereza. Ada za maombi nilizilipa kutoka katika mshahara wangu, moja baada ya nyingine, huku nikijua kwamba kila moja imepunguza kitu katika karo ya mdogo wangu aliye sekondari. Mwezi wa Februari vyuo viwili vya Marekani vilinikataa. Chuo cha Uingereza kilinikubali bila ufadhili wowote, na karo wanayodai ni fedha ambazo nyumba yetu haijapata kuziona mahali pamoja. Kilibaki chuo cha nne, kilicho pwani ya mashariki ya Marekani, ambacho moyo wangu ulikuwa umekiegemea tangu mwanzo kwa kuwa kuna profesa pale ambaye amechunguza udongo wa mikoko kwa miaka mingi. Wao waliniandikia tarehe 6 Machi. Barua ilikuwa fupi: maombi yangu ni mazuri, nafasi za mwaka huu zimejaa, wameniweka katika orodha ya kusubiri, na watanijulisha nafasi ikipatikana.

Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Mamangu alikuwa anakanda unga wa mahamri ya asubuhi, kwa sababu biashara yake ya mahamri na mbaazi ndiyo iliyotusomesha tangu baba alipofariki. Akaniuliza, “Wamesemaje?” Nikamjibu, “Wamesema nafaa, ila wanangoja nafasi.” Yeye alisikia “nafaa” na akapiga kigelegele mikono ikiwa bado na unga. Sikumsahihisha. Kufikia asubuhi wanunuzi wake wote walikuwa wamepata habari, na Ijumaa iliyofuata wanawake anaosoma nao maulidi waliniombea dua ya safari. Ami yangu, ambaye amekuwa baba yetu kwa miaka tisa, ameamua kuuza sehemu ya shamba la minazi alilorithi upande wa Kilifi ili nipate nauli na kianzio. Mnunuzi ataleta arubuni mwisho wa mwezi huu wa Aprili.

Tarehe hiyo hiyo ndiyo inayonibana kazini. Mkubwa wangu, ambaye ndiye aliyeniandikia barua ya mapendekezo, amenipa mkataba mpya wa miaka miwili na anataka niutie sahihi kabla ya tarehe 30. Naona kama nikiutia sahihi nitakuwa nimelifuta jina langu mwenyewe katika ile orodha. Nisipoutia, na chuo kisiponiita, nitakuwa sina kazi wala masomo, na mdogo wangu atarudishwa nyumbani kwa karo.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika. Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja amekubaliwa na vyuo viwili vya Marekani, vyote kwa ufadhili, na hajaamua aende wapi. Anasema ana muda mpaka tarehe 15. Kila anapolitaja jambo hilo nashikwa na hasira ambayo sikujua ninayo, kisha najichukia, kwa maana ni mtu aliyenisaidia kuyasahihisha maombi yangu. Siku hizi nala chakula cha mchana peke yangu.

Usiku naamka saa nane kuangalia simu. Barua ile nimeihifadhi kichwani neno kwa neno. Wanaojua ukweli ni wawili tu. Mmoja huniambia subira huvuta heri, na mwingine huniambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nimechoka na methali zote mbili. Je, ni sawa nitie sahihi mkataba? Nikiandikia chuo tena, sitaonekana ombaomba? Nitamwambiaje mamangu? Na mpaka hapo jibu litakapokuja, nitaishi vipi?

Asubiriye, Kisauni


JIBU LA MSHAURI

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pale pale, mlangoni pa jikoni. Umeniuliza maswali manne, lakini naona kama yanatoka katika fundo moja: umepewa jibu ambalo si ndiyo wala si la, na watu unaowapenda wamelipokea kama ndiyo, nawe peke yako, usiku, unalipokea kama la. Kati ya hayo mawili umebaki huna mahali pa kukaa. Nitajaribu kukaa nawe hapo katikati, kwa kuwa ndipo ulipo kwa hakika.

Kwanza tuiangalie barua yenyewe, si kwa hofu, bali kwa jinsi mambo yanavyokwenda huko. Vyuo vya Marekani vinavyofundisha uzamivu katika sayansi kwa kawaida havimchukui mwanafunzi mpaka vijue nani atamlipia karo na posho. Fedha hizo hutoka katika miradi ya maprofesa, au katika nafasi za kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, nazo huwa zimehesabiwa. Kamati inaweza kuwa na watu ishirini wanaofaa na fedha za watu sita. Wale sita hupewa barua za kwanza, na baadhi ya waliobaki huwekwa katika orodha kama yako, kwa sababu kamati inajua kwamba wapo katika wale sita wenye nafasi mahali pengine na watakaokwenda huko. Nimekupa hesabu hizi kwa mfano tu, maana kila idara ina zake. Lakini utaona kwamba swali la kama unafaa lilikwisha kujibiwa kabla hujaingizwa katika orodha. Walioonekana hawafai walipata barua ya namna nyingine, na wewe unaijua barua hiyo, maana ulipata mbili mwezi wa Februari.

Hapa ndipo mwenzako wa ofisini anapoingia. Tarehe 15 aliyokutajia hakuibuni. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana, kupitia baraza lao liitwalo Council of Graduate Schools, kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ndiyo sababu orodha nyingi hukaa kimya mwezi wote wa Machi, kisha huanza kusogea siku chache kabla ya tarehe hiyo na siku zinazofuata, na nyingine huendelea kusogea hata mwezi wa Mei. Mwenzako anashikilia viti viwili na atakalia kimoja. Mahali fulani ulimwenguni yupo kijana anayeamka usiku kama wewe, akisubiri kile ambacho mwenzako atakiacha. Yeye hakukunyang'anya chochote, na naamini unalijua hilo, ndiyo maana hasira yako inakutia haya. Sitakuambia usiione. Nitakuuliza tu kama kimya chako kwake kinapunguza uchungu au kinauongeza, kwa sababu katika ofisi hiyo yeye ndiye mtu pekee anayejua jinsi barua za vyuo hivi zinavyoandikwa na kujibiwa, na aliwahi kukaa nawe kuzisoma. Pengine ukimwambia, “Mimi nimewekwa kwenye orodha na naumia ukiongea juu ya nafasi zako,” atanyamaza kwa upole, na pengine ataamua mapema na kukiachia kiti cha mtu. Pengine pia atajisikia vibaya na mtakuwa na wiki ngumu. Wewe unamjua, mimi simjui.

Sasa kuhusu saa nane za usiku. Mwezi wa Aprili sisi tuko mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani kwa saa saba. Ofisi yao inapofunguliwa saa tatu asubuhi, hapa Mombasa ni saa kumi alasiri. Wanapofunga saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa sita ya usiku. Saa nane unayoamka wewe, kwao ni saa moja ya jioni na milango imefungwa, na alfajiri yako yote ni usiku wao. Tangu usiku wa manane wa Ijumaa mpaka Jumatatu alasiri, kwa kawaida hakuna mtu ofisini wa kukuandikia. Nakueleza hayo kwa sababu moyo wenye wasiwasi hauachi kuchungulia ukiambiwa “acha”, ila huweza kukubali ukiwekewa saa. Jaribu kuiangalia barua pepe mara moja alasiri baada ya Swala na mara moja kabla ya kulala, na simu ilale chumba kingine. Nafasi ikitolewa huambatana na siku kadhaa za kujibu. Haitapotea kwa kuwa ulilala. Lakini ukiona wiki zinapita na usingizi haurudi, hamu ya kula imekwisha, au mawazo yamekuwa mazito kuliko unavyoweza kuyabeba, usisubiri orodha iishe ndipo utafute msaada. Nenda umwone daktari au mnasihi.

Umeuliza kama kukiandikia chuo kutakufanya uonekane ombaomba. Naona neno hilo limetoka katika uchungu wa kukataliwa mara mbili, si katika hali yenyewe. Aliyewekwa katika orodha ana haki ya kujua yuko wapi. Unaweza kuandika barua moja, isiyozidi ukurasa, ukawashukuru, ukasema kwamba bado unaitaka nafasi hiyo, na ukaeleza mambo yaliyoongezeka katika kazi yako tangu ulipoomba. Kazi yako ya mikoko na swali lako la Mwache vinastahili kutajwa, kwa kuwa kuna kamati ambazo hazifuati mpangilio wa namba, bali huangalia aliyeondoka alikuwa wa fani gani na profesa gani ana nafasi. Kama chuo hicho ndicho chaguo lako la kwanza, sema hivyo waziwazi. Umeniambia ndicho, kwa hivyo utakuwa unasema kweli. Kisha uliza: je, orodha imepangwa kwa namba, na mnatarajia kuifunga lini? Nikiitwa, nitapata ufadhili sawa na wengine? Nikiitwa nikiwa nimechelewa, nafasi inaweza kuahirishwa mpaka mwaka unaofuata? Hatari yake ni ndogo. Huenda wakakujibu kwa sentensi mbili zisizo na habari, na hilo litakuuma kwa siku moja. Hatari kubwa ni kuandika kila wiki, au kumwaga shida za nyumbani mbele ya watu ambao hawana uwezo wa kuzitatua, hapo hata mwenye huruma huchoka.

Swali la kuahirisha si la kupamba barua. Fikiria wamekuita mwisho wa Mei na masomo yaanze Agosti. Chuo kitahitaji kukutolea hati ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, ambayo haitolewi mpaka ithibitike fedha za mwaka wa kwanza zipo. Ndipo ulipe ada ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, na ada ya maombi ya viza, dola 185, kabla ya nyongeza yoyote itakayokuwa imewekwa. Kisha utafute siku ya usaili katika ubalozi wao ulioko Gigiri, Nairobi. Mtu anaweza kuyamaliza hayo kwa wiki chache siku za mahojiano zikipatikana, na anaweza kukwama. Ni vyema ujue mapema kama kukwama huko kutakupotezea nafasi au kutaisogeza tu.

Tuje kwenye mkataba. Methali uliyoambiwa, ya mbachao na msala upitao, ni nzuri, lakini anayeitumia huwa amekwisha kuamua kipi ni mbachao na kipi ni msala, na hutupa methali hiyo ili mazungumzo yaishe. Wewe hujaombwa na mtu yeyote uache kimoja. Chuo hakijakuambia usifanye kazi, na jina lako halifutwi kwa kuwa umetia sahihi mkataba Mombasa. Wao hawajui na hawaulizi. Mkubwa wako naye si mtu unayemficha jambo. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kukupeleka huko, kwa hivyo anajua tangu mwanzo kwamba unaweza kuondoka. Nashangaa kidogo kwamba katika barua yako yote hukusema kama umemwambia jibu lililokuja. Unadhani atasema nini akijua?

Kabla ya tarehe 30 soma kifungu cha notisi katika mkataba huo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatambua notisi ya siku 28 kwa anayelipwa mshahara wa mwezi, lakini mkataba wa muda maalumu una maneno yake, na huenda ukadai notisi ndefu zaidi au fidia, kwa hivyo muulize mtu anayeielewa sheria akusomee. Njia moja ni kutia sahihi baada ya kumweleza mkubwa wako kwamba upo kwenye orodha na kukubaliana juu ya notisi. Uzuri wake ni kwamba karo ya mdogo wako inaendelea kulipwa na wewe unaendelea kuwa mtu wa kazi. Ubaya wake ni kwamba, ukiitwa, utaondoka katikati ya mradi, na hilo litamgharimu mtu aliyekutendea wema. Njia nyingine ni kuomba muda zaidi, mpaka katikati ya Mei, au mkataba wa miezi michache kwanza. Huenda akakubali, huenda pia wafadhili wa mradi wanataka majina kamili sasa, na nafasi ikapewa mwingine. Ya tatu ni kuukataa mkataba kabisa na kungoja. Njia hiyo inaonekana kama ndiyo yenye imani zaidi katika ndoto, nami nakuomba uitazame vizuri, kwa sababu kungoja bila kazi hakuongezi nafasi yako hata kwa kidole, na kunamweka mdogo wako katika orodha ambayo hakuiomba.

Na kama hawatakuita? Utaweza kuomba tena. Vyuo vingi hufunga maombi ya uzamivu mwezi wa Desemba, na mtu aliyefika kwenye orodha mwaka huu anaweza kumwandikia yule profesa kwa heshima na kumuuliza ni nini kingeimarisha maombi yake. Wengine hujibu, wengine hawajibu. Pia usidharau mlango ulio karibu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iko Mkomani, na kituo chake cha Gazi, huko Kwale, kimeshughulikia mikoko kwa miaka mingi. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili masomo ya uzamili na uzamivu humu humu Afrika Mashariki. Nimeyapitia haya kwa haraka kwa sababu naona huna nguvu ya kuyafikiri leo, na si lazima uyafikiri leo.

Shamba nimeliacha nyuma kwa kuwa ndilo zito, ingawa ndilo lenye haraka kuliko yote. Nakusihi utazame hesabu moja tu. Chuo kikikuita, kwa kawaida ya uzamivu kitakuita kwa ufadhili, na utakachohitaji nyumbani ni nauli, ada za viza na kianzio kidogo, fedha ambazo mtu anaweza kuchangiwa au kukopa bila kuuza mnazi hata mmoja. Kikikuita bila ufadhili, au ukiamua kwenda Uingereza kwa karo ile uliyotajiwa, sehemu ya shamba haitatosha. Huenda ami yako ana sababu nyingine za kuuza ambazo hukuambiwa, na hizo ni zake. Lakini kama anauza kwa sababu yako tu, ana haki ya kujua anauzia nini, na kuijua kabla arubuni haijapokewa, kwa sababu fedha ikishashikwa mkononi mnunuzi naye huwa na madai yake, na ardhi ya urithi ikishatoka katika ukoo ni nadra kurudi.

Hivyo tumerudi jikoni. Unajilaumu kama mtu aliyesema uongo. Mimi naona ulisema kweli yote kwa maneno machache, “nafaa, ila wanangoja nafasi,” na mwenye kusikiliza akachukua nusu aliyokuwa akiiombea kwa miaka. Kosa, kama ni kosa, ni la siku zilizofuata, ulipoona dua inasomwa ukanyamaza. Nalo ni kosa ambalo watu wengi wema wangelifanya. Ila nina swali moja juu ya dhana iliyokaa chini ya barua yako. Unaamini kwamba ukimwambia mamako ukweli utamnyang'anya furaha yake. Kigelegele alikipigia neno gani? Kwa maelezo yako mwenyewe, alikipigia “nafaa”. Neno hilo chuo hakijalirudisha.

Huenda nakosea, na huenda mamako ataumia sana. Huenda zaidi ya habari yenyewe kitakachomuuma ni kwamba ulibeba peke yako mwezi mzima huku akikuona kila siku. Atafikiria pia majirani na wale wanawake wa maulidi, na hilo si dogo katika mtaa wetu. Unaweza kumwambia kwa maneno kama haya: “Mama, siku ile sikukueleza vizuri, na nilipoona umefurahi nikashindwa kurudi nyuma. Wamesema nafaa, lakini viti vimejaa. Mtu akiacha kiti, huenda wakaniita. Asipoacha, mwaka huu sitakwenda. Sijui bado.” Badilisha yawe ya kwako, ila ile “sijui bado” usiiache, kwa kuwa ndiyo sehemu uliyoshindwa kuisema mara ya kwanza.

Nani aambiwe mbele? Ukianza na ami yako kwa sababu ya shamba, mamako atajiona amepitwa katika jambo la mwanawe. Ukianza na mamako peke yake, anaweza kukuomba mnyamaze wote wawili mpaka tarehe 15 ipite, kwa matumaini, na utajikuta umeongeza mtu ndani ya siri badala ya kuitoa. Baadhi ya watu niliozungumza nao huwakalisha wote wawili pamoja, wengine humwambia mama alasiri na kumwita ami usiku ule ule, kabla ya mtu kupata muda wa kupanga namna ya kuficha. Chagua saa ambayo hajaanza kukanda, mikono yake ikiwa mitupu, mkae chini. Kisha niandikie uniambie alisema nini.